Mumbai Mvua Zikishakatika: Kwa Msafiri Anayetokea Dodoma

Wanaotoka Dodoma kwenda Mumbai, wawe wanafuata matibabu, vitambaa vya biashara au matembezi tu, karibu wote huambiwa maneno yale yale: nenda Oktoba, mvua zimeisha. Ni kweli zimeisha. Ila kuisha kwa mvua si kuisha kwa joto, wala mbu, wala msongamano. Oktoba na Novemba ni miezi mizuri kwenda, lakini mwili uliozoea ukavu wa Dodoma hudanganyika haraka ukifika kule, na kalenda ya kule nayo ina mitego yake.

Tuanze na upepo, kwa sababu mengine yote yanatokana nao. Neno letu msimu limetoka kwenye mawsim ya Kiarabu, na mawsim hiyo hiyo Wareno waliichukua ikaja kuwa jina la mvua kubwa za India katika lugha za Ulaya. Jambo lenyewe ni moja. Upepo wa kusi unaovuma pwani yetu katikati ya mwaka, ukishavuka ikweta hupinda na kuwa upepo wa kusini-magharibi, ukabeba maji ya bahari na kuyamwaga pwani ya magharibi ya India. Kwa wastani mvua hizo huingia Mumbai karibu na tarehe 11 Juni na kujiondoa karibu na tarehe 8 Oktoba, na kila mwaka huwahi au kuchelewa kidogo. Wingi wake mtu wa kwetu ni vigumu kuukisia. Tarehe 26 Julai 2005, kituo cha Santacruz kilipima milimita 944 ndani ya saa 24. Dodoma tunapata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka mzima. Yaani siku moja ya Mumbai ilipita mwaka wetu wote.

Hapa kuna kosa linalowaponza wengi: kudhani India nzima hukaukiwa kwa pamoja. Chennai, ambako wagonjwa wetu wengi hupelekwa, iko pwani ya mashariki, na mvua zake kubwa ndizo hizo za Oktoba hadi Desemba, zinazoletwa na upepo wa kaskazini-mashariki, ndugu wa kaskazi yetu. Mafuriko mabaya ya Chennai yalitokea Novemba na Desemba 2015. Kwa hiyo ushauri wa "nenda Oktoba" ukiupeleka Chennai umempeleka mgonjwa kwenye maji. Delhi nayo ni kavu miezi hiyo, lakini mwishoni mwa Oktoba hadi Novemba hewa yake huchafuka sana kwa moshi wa mabua yanayochomwa mashambani Punjab na Haryana, ukichanganyika na moshi wa magari na hewa iliyotulia bila upepo. Mwenye pumu asiende Delhi Novemba kama ana hiari. Mumbai imekaa katikati ya hayo mawili, na ndiyo ninayoizungumzia kuanzia hapa.

Fukuto

Mchana wa Oktoba Mumbai hufika nyuzi 33 hadi 35, na siku nyingine hupita. Ukizitazama namba peke yake utaona kama nyumbani, maana Oktoba na Novemba kwetu nako jua ni kali. Tofauti iko kwenye hewa. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni kavu. Jasho hukauka kabla hujalihisi, na jua likizama upepo unapoza mpaka mtu anavuta shuka. Mumbai iko usawa wa bahari, hewa imejaa maji, jasho linachuruzika badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Usiku wa Oktoba kwa wastani hushuka hadi nyuzi 23 au 24 tu, hivyo mwili haupati pumziko hata ukilala.

Kinachotokea ni hiki. Mtu anatembea mchana kwa mwendo wake wa Dodoma, anakunywa maji matupu chupa baada ya chupa, na kufika jioni kichwa kinamgonga, misuli ya miguu inakaza, chakula hakitaki. Anasema ni uchovu wa ndege. Sio. Amepoteza chumvi. Changanya pakiti ya ORS moja kwa siku ya matembezi marefu, na usome ujazo kwenye pakiti kabla hujachanganya: kule pakiti kubwa ni ya lita moja na ndogo ni ya mililita 200, na ukiweka ya lita moja kwenye kikombe umetengeneza kinywaji kinachokausha mwili badala ya kuusaidia. Mwenye shinikizo la damu, moyo au figo amwulize daktari wake kwanza kuhusu hizo chumvi. Madafu yapo kila kona, yanakatwa mbele yako, na kwa maoni yangu hakuna kinywaji salama na kizuri kuliko dafu kwenye mtaa wa Mumbai.

Mambo ya barabarani yamalize kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa nne asubuhi, kisha toka tena saa kumi na nusu jioni. Nguo ziwe za pamba na zilegee. Ukivaa poliesta siku mbili utapata harara shingoni na kwapani. Jaketi na masweta ya Kibaigwa au Kongwa asubuhi yaache nyumbani, chukua nguo moja tu ya mikono mirefu kwa ajili ya ndege na vyumba vyenye kiyoyozi, maana hospitali na maduka makubwa ya kule hupoza mpaka mtu anatetemeka. Mwavuli mdogo beba kama unafika kabla ya katikati ya Oktoba. Mvua zinapojiondoa huaga kwa radi za jioni, dakika 40 za kishindo, halafu nyota.

Ukiniachia nichague tarehe, nitakuambia wiki ya tatu ya Novemba hadi wiki ya kwanza ya Desemba. Unyevu umepungua, alfajiri kuna ubaridi kidogo, na sikukuu zimepita.

Diwali na milango iliyofungwa

Sikukuu ndizo zinazowaumiza wafanyabiashara. Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, hufuata mwezi mwandamo, hivyo huhama kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba. Mwaka 2025 iliangukia Oktoba 20 na 21, mwaka 2026 ni Novemba 8. Wiki mbili kabla yake masoko yamejaa kiasi kwamba muuza jumla hana muda na mteja mgeni wa jora tano. Baada ya siku yenyewe, wafanyabiashara wengi wa Kigujarati hawafungui biashara mpaka siku ya tano, wanayoiita Labh Pancham, ambayo ndiyo siku yao ya kufungua daftari jipya. Ukitua Mumbai siku mbili baada ya Diwali na fedha yako mfukoni, utakaa gesti unahesabu feni. Kliniki za wagonjwa wa nje nazo hupunguza siku, ingawa dharura hazifungwi. Tiketi za treni za masafa huisha wiki nyingi kabla. Na fataki za usiku hizo huacha moshi unaokaa mpaka asubuhi. Mwenye pumu awe na inhela yake mkononi, siyo ndani ya begi.

Karatasi

Cheti cha homa ya manjano ndicho cha kwanza, kabla hata ya tiketi. India hukidai kwa wanaotoka nchi inazozihesabu kuwa na hatari ya ugonjwa huo, na haina mchezo: asiye na cheti halali anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Chanjo huanza kuhesabika siku ya 10 baada ya kuchomwa, na ikishahesabika ni ya maisha. Makosa yanayoonekana zaidi ni madogo: mwenye cheti hajasaini, jina halifanani na la pasipoti, au amechanja siku nne kabla ya kuondoka akidhani muhuri unatosha. Mzee aliyepita miaka 60 ambaye hajawahi kuchanjwa, pamoja na mgonjwa mwenye kinga dhaifu, waongee na daktari mapema, kwa sababu chanjo hii ni ya virusi hai na kwao ina hatari yake.

Viza ya kielektroniki inaombwa kwenye tovuti ya serikali ya India, indianvisaonline.gov.in. Zipo tovuti nyingi zinazofanana nayo, zinatoza zaidi na baadhi hazileti kitu. Tazama mwisho wa anwani, kama si gov.in ondoka. Kanuni inasema angalau siku 4 kabla ya kufika, mimi nasema wiki tatu, ili fomu ikirudishwa uwe na nafasi. Pasipoti iwe na miezi 6 mbele na kurasa mbili tupu. Picha ni ya mraba, mandhari meupe, uso mzima. Picha ya pasipoti ya kawaida ya mstatili ikivutwa ili iwe mraba, uso unapanuka na maombi yanakataliwa. Majina yetu matatu ndiyo chanzo kingine cha kurudishwa. Andika jina la ukoo na majina mengine kama yalivyogawanywa kwenye pasipoti, hata kama nyumbani unaitwa kwa mpangilio mwingine, na kwenye namba ya pasipoti usichanganye herufi O na sifuri.

Mgonjwa asiombe ya utalii. Ipo ya matibabu, ya siku 60 na kuingia mara tatu, inayohitaji barua ya hospitali ya India yenye nembo, na ipo ya wasindikizaji wake, wasiozidi wawili. Hospitali nyingi hukataa kuanza matibabu makubwa kwa mwenye viza ya kutembea, na kubadili ukiwa kule ni kazi ya ofisi hadi ofisi huku mgonjwa anasubiri. Tangu Oktoba 2025 kuna pia kadi ya kuwasili inayojazwa mtandaoni bila malipo ndani ya saa 72 kabla ya kutua. Chapisha vyote, nakala mbili. Wakati wa kurudi askari wa mlangoni uwanja wa ndege hukuruhusu kuingia kwa tiketi na pasipoti tu, na anayekusindikiza hubaki nje. Kama mgonjwa hajiwezi, agiza kiti cha magurudumu kwa shirika la ndege mapema.

Kuhusu njia, SGR imerahisisha sana. Treni ya haraka hufika Dar es Salaam kwa kama saa tatu na nusu. Hata hivyo usipange treni na ndege siku moja. Lala Dar. Ndege ya moja kwa moja ya Air Tanzania, njia iliyofunguliwa Julai 2019, huchukua takribani saa sita na haina safari kila siku, na ukikosa moja unasubiri au unanunua tiketi nyingine ya kupitia Addis Ababa, Doha au Dubai.

Saa, maneno na watu

Mumbai iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Hiyo nusu huwasahaulisha watu. Na wao huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, si kuanzia alfajiri kama sisi. Daktari akikuambia "ten", ni saa nne asubuhi kwa hesabu yetu, wakati Dodoma ni saa moja na nusu. Wagonjwa wamepoteza miadi kwa hili. Andika miadi yote kwa tarakimu za saa 24, kisha weka simu ikukumbushe.

Kwenye lugha tuna bahati. Maneno yamevuka bahari pande zote kwa karne nyingi, na msikilizaji makini wa Kihindi atasikia chai, duka katika dukaan, gari katika gaadi, pesa katika paisa, dawa, rangi katika rang, sabuni, kitabu, hesabu katika hisaab, habari, dunia, hata bima. Laki ni yao kabisa, nayo hutumika kila siku: laki moja kwao huandikwa 1,00,000, koma ikiwa imekaa mahali usipotarajia. Bili ya hospitali ikiandikwa 3,50,000 ni laki tatu na nusu za rupia, usiisome kama elfu tatu na kitu. Juu ya laki kuna karor, ambayo ni milioni kumi.

Ila majina ya udugu yanageuka. Kwa Kimarathi, lugha ya wenyeji wa Mumbai, dada ni kaka mkubwa. Kaka ni baba mdogo. Mama ni mjomba. Mtanzania mwenye adabu zake akimwita muuguzi "dada" au mama wa gesti "mama", amempa cheo cha kiume. Mwanamke mwite tai au didi, mwanamume mwite bhai au bhau. Adabu ni ile ile, imebadili vazi tu. Kichwa kinachoyumba kushoto na kulia mara nyingi ni "sawa" au "nimekusikia", wala si kukataa.

Kusogea mjini

Mumbai imekaa kama kidole kilichochovywa baharini, kusini ndiko Colaba na Fort, kaskazini ndiko Andheri, Borivali na kuendelea. Njia zote kubwa huenda kaskazini na kusini. Kilomita 20 za mjini kwa gari jioni ni saa moja na nusu au mbili. Kwa hiyo panga chumba karibu na shughuli yako, usipange kwa bei. Mwenye mgonjwa Tata Memorial, hospitali ya saratani iliyofunguliwa mwaka 1941, atafute Parel na jirani zake. Mfanyabiashara wa vitambaa atafute upande wa kusini, karibu na stesheni ya CSMT. Kabla ya kulipa gesti uliza kama inapokea wageni wa nje, kwa kuwa kila anayepokea mgeni wa kigeni anatakiwa kupeleka taarifa zake serikalini ndani ya saa 24, na gesti ndogo nyingi hazitaki usumbufu huo. Utakataliwa usiku mlangoni na begi lako.

Bajaji zile zile tunazozijua, ambazo jina tulilipata kwenye kampuni ya Pune, Mumbai zinatumia mita, na dereva kawaida huiwasha bila kuombwa. Tangu Februari 2025 nauli ya kuanzia ni rupia 26 kwa kilomita 1.5 za mwanzo, na teksi nyeusi na njano ni rupia 31. Kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri huongezwa robo. Bajaji haziruhusiwi kuingia kusini ya jiji; mwisho wake ni Bandra na Sion, baada ya hapo ni teksi. Anayekwambia bajaji itakupeleka mpaka Colaba anakudanganya. Metro ya Laini ya 3, ya chini ya ardhi, tangu Oktoba 2025 inafika hadi Cuffe Parade ikipitia uwanja wa ndege Terminali ya 2, ina ubaridi na inakwepa foleni zote. Kwa mtu mwenye begi moja ndiyo njia bora ya kuingia mjini mchana.

Treni za mjini zinahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndizo zinazoumiza wageni. Husimama kama nusu dakika na milango ya nyingi haifungwi. Ubao wa stesheni huonyesha mwisho wa safari, saa, na herufi F au S: F haisimami stesheni zote, S husimama zote. Ukipanda F kwa kukosea utapita unakoshuka na hutashuka mpaka stesheni nne mbele. Usipande kati ya saa mbili na saa tano asubuhi kuelekea kusini, wala kati ya saa kumi na moja na saa tatu usiku kuelekea kaskazini. Anayeshuka hujipanga mlangoni stesheni moja kabla. Akisubiri treni isimame ndipo anyanyuke, wanaoingia humrudisha ndani. Mabehewa ya wanawake yana alama ya mistari ya mshazari, na mwanamume akipanda hupigwa faini. Tiketi ya daraja la pili kwenye behewa la daraja la kwanza ni faini vilevile, na mabehewa hayo kwa nje yanafanana sana. Jumapili kuna matengenezo ya reli kwa saa kadhaa mchana, treni hupungua. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji asipande treni hizi hata siku moja.

Fedha, laini na umeme

Shilingi yetu hutabadilisha kule. Beba dola mpya zisizokunjwa wala kuandikwa kalamu, na zikizidi 5,000 taslimu zitaje forodhani unapoingia, upewe karatasi yake. Rupia ulizoachiwa na ndugu zikague: noti za 500 na 1,000 za zamani zilifutwa Novemba 2016, na noti ya 2,000 iliondolewa kwenye mzunguko Mei 2023, duka halipokei. Mjini kila muuza chai ana karatasi ya kuskani kwa simu, lakini mfumo huo kwa kawaida hutegemea akaunti za benki za kule, kwa hiyo mgeni aishi na noti za 10, 20, 50 na 100. Noti ya 500 kwa dereva wa bajaji asubuhi ni ugomvi wa chenji.

Laini sajili kwa pasipoti, viza na picha, kwenye duka la kampuni lenyewe. Inaweza kukaa saa kadhaa kabla ya kufunguka. Umeme ni volti 230 kama kwetu, ila soketi zao ni za pini za duara. Plagi yetu ya pini tatu za bapa haiingii, nunua adapta Dodoma kabisa. Pawabanki iwe kwenye begi la mkononi.

Soko, na neno kwa wakulima wa zabibu

Vitambaa ni Mangaldas, jirani na Crawford Market. Dhahabu ni Zaveri Bazaar. Vifaa vya umeme ni Lohar Chawl. Vyote vinafikika kwa miguu kutoka CSMT, na vingi hufungwa Jumapili. Jora kwao ni thaan. Kabla hujalipa fungua jora lote, siyo mita mbili za juu, kwa sababu kitambaa kilichokaa stoo tangu Julai kimenyonya unyevu, na ndani huweza kuwa na madoa ya kuvu yasiyotoka. Hiki ndicho kipindi mizigo ya aina hiyo husukumwa kwa bei ya kuvutia. Sugua rangi kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Uliza bei mbili, ya bili pakka na ya kachcha. Pakka ina namba ya kodi na ndiyo itakayokutetea forodhani Dar; kachcha ni karatasi tu, na maofisa watakukadiria wanavyoona wao.

Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi akiwa na siku mbili za ziada, aende Nashik, kama kilomita 170 kaskazini-mashariki. Oktoba ndiyo wanapogoa kwa ajili ya matunda, mara tu mvua zinapoacha, ili wavune kuanzia Januari hadi Aprili wakati wa ukavu. Aprili hupogoa tena, safari hiyo kwa ajili ya kujenga matawi. Sisi tunayo mavuno mawili, wao wamechagua moja zuri na kuilinda ratiba yake dhidi ya mvua. Kuona kwa macho ni jicho gani la tawi wanaliacha na ni lipi wanalikata ni somo ambalo halipatikani kwenye karatasi. Treni za kwenda stesheni ya Nashik Road huondoka CSMT na Dadar.

Kula si shida. Alama ya kijani kwenye pakiti au ubao ni chakula kisicho na nyama. Kuchinja ng'ombe kumepigwa marufuku jimbo zima la Maharashtra, na tangu 2015 hata madume, basi usiulizie. Anayetaka halali na nyama aende Mohammed Ali Road. Pani puri (viputo vya kukaanga vinavyojazwa maji ya viungo) na juisi zenye barafu za mtaani, miezi hii, ziache, hata zikikuvutia vipi: maji ya mabomba huchafuka wakati wa mvua, na kuharisha, homa ya matumbo na manjano ya ini hufuata nyuma yake.

Homa

Mbu wa Mumbai huongezeka mvua zikiwa zimekatika, si zikinyesha. Mvua kubwa huosha mazalia, lakini zikiisha hubaki maji kwenye matangi ya juu ya paa, visahani vya maua, matairi na majengo yanayojengwa. Anayeeneza dengi huuma mchana, hasa asubuhi na kuelekea jioni, kwa hiyo neti ya usiku haitoshi. Paka dawa yenye DEET kuanzia unapotoka kitandani, miguuni hasa. Malaria nayo ipo, ya mjini kabisa. Madimbwi usiyakanyage kwa ndala, kwani mkojo wa panya kwenye maji hayo huleta leptospirosisi kupitia mchubuko mdogo tu. Homa ikikupata kule, tumia paracetamol peke yake. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huongeza hatari ya kuvuja damu kama ni dengi, na ni dawa ambazo wengi wetu tunazo kwenye mkoba. Kipindi cha hatari cha dengi ni pale homa inaposhuka, siku ya tatu hadi ya saba: maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo au fizi kutoa damu ni hospitali saa hiyo hiyo.

Dengi huchukua siku 4 hadi 10 kujitokeza, maana yake unaweza kuumwa ukiwa umeshafika Area C au Chamwino, ukapimwa malaria kwa kipimo cha haraka, ikaonekana hamna, ukarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu. Malaria ya kule pia nyingi ni ya aina ya vivax, inayoweza kujificha kwenye ini na kurudi wiki au miezi baadaye, na kipimo kinachotafuta falsiparamu, aina iliyozoeleka kwetu, peke yake hakiioni. Mwambie tabibu umetoka India na tarehe uliyotua, kabla hujaulizwa, uombe damu isomwe kwa darubini na upimwe dengi, na usinywe diklofenaki mpaka majibu yatoke.